Nakiete na Maji ya Mpita Njia

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na mlima!

Na chini ya mlima?

— Nyika!

Na kutoka mlima hadi nyika?

— Njia!

Vema. Sasa sogezeni vigoda. Anayekoroma akae nyuma, anayeuliza maswali akae mbele, na mwenye kuchochea moto asichochee kwa fimbo yangu.

Hapo kale, wakati wanyama walipokuwa bado wanabisha hodi kwenye milango ya watu, kulikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Ikunde. Ikunde kulikuwa na migomba, kulikuwa na chemchemi, kulikuwa na ubaridi wa asubuhi. Chumvi hakuna. Chumvi ilikuwa ng'ambo ya nyika, kwa watu wa Kwasumba. Basi watu wa mlimani walishusha ndizi wakapandisha chumvi, na watu wa Kwasumba walipandisha chumvi wakashusha ndizi, wote kwa njia ile ile moja.

Njia hiyo ilikuwa kavu. Jua juu, mchanga chini, miiba kando. Watu walibeba maji kwenye vibuyu, lakini kibuyu kina tumbo dogo, na kikigonga jiwe hakina tumbo kabisa.

Katika kijiji cha Ikunde alikuwapo mwanamke jina lake Nakiete, na mumewe akiitwa Senkondo. Siku moja Senkondo alibeba ndizi akaenda Kwasumba. Akauza, akapata chumvi, akaanza kurudi. Njiani alijikwaa, kibuyu kikapasuka. Akatembea. Akatembea. Akatembea. Alipofika kwenye mgunga uliosimama peke yake katikati ya nyika, aliketi apumzike, na hakuinuka tena. Wapita njia walimkuta ameuelekeza uso mlimani.

Wakamleta, wakamzika. Nakiete akafunga mlango.

Asubuhi jirani yake alibisha hodi. Jirani huyu aliitwa Mama Mkwizu, mama mtu mzima, magoti yake mabovu lakini ulimi wake mzima. "Nakiete mwanangu, nimekuletea uji." Nakiete akasema, "Sina njaa, mama." Jioni akabisha tena. "Nakiete mwanangu, nimekuletea viazi." "Sina njaa, mama." Kesho yake akabisha tena. "Nakiete mwanangu, sikuleta kitu, nimekuja tu tuzungumze." "Sina maneno, mama."

Ikawa hivyo. Moto ukazimika mekoni. Shamba likaota magugu. Nakiete alilala macho wazi, akaamka bila kulala.

Siku moja jua likiwa kali akasikia mlangoni ko, ko, ko.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi Digidigi. Nina kiu."

Nakiete akasema kutoka ndani, "Nenda kwenye chemchemi."

"Chemchemi ina watu, na watu wana mbwa. Mguu wangu una mwiba. Nimetoka nyikani hadi hapa, mama, na wewe ndiye mwenye mlango wa kwanza."

Pumzi za Digidigi zilisikika mlangoni, he, he, he, kama mvukuto wa mhunzi. Nakiete akainuka. Akafungua mlango. Akammiminia maji kwenye bakuli, akayatazama yakishuka kwenye ile shingo nyembamba. Kisha akamshika mguu akamtoa mwiba.

Digidigi akafuta midomo. Mnadhani alimpa pembe ya dhahabu? Hakumpa. Mnadhani alimpa pete ya miujiza? Hana hata mfuko. Alisema, "Ahsante, mama. Kule chini wako wengine." Akaenda zake.

Neno lile likabaki ndani ya nyumba. *Kule chini wako wengine.* Nakiete akalala nalo, akaamka nalo. Alfajiri akasokota ngata, akaiweka kichwani, akaenda chemchemini akajaza mtungi mkubwa, mtungi wa harusi yake, akaanza kuteremka.

Digidigi akamkuta mguuni mwa mlima. "Unakwenda wapi, mama?"

"Nionyeshe mahali watu wanapochoka."

Digidigi akatangulia. Wakaenda, wakaenda, mpaka kwenye ule mgunga uliosimama peke yake. Nakiete akasimama. Aliujua mti ule kwa habari ingawa hakuwahi kuuona. Akatua mtungi, akaketi chini, akalia.

Digidigi akasema, "Lia, mama. Lakini funika mtungi kwanza, nzi wanaingia."

Nakiete akafunika mtungi kwa jani la mgomba alilotoka nalo nyumbani, akaweka kata ya kuchotea juu yake. Halafu akalia mpaka akamaliza.

Mpita njia wa kwanza akatokea. Alikuwa Mkwizu, mtoto wa yule jirani, kijana mwenye mabega mapana na shaka pana zaidi. Alikuwa anatoka Kwasumba na mzigo wa chumvi, midomo imepasuka.

Nakiete akaimba. Nami nikiimba, ninyi mwitikie ule mstari wa mwisho:

*Njoo unywe, mpita njia,*
*Sikuulizi utokako,*
*Sikuulizi uendako,*
— *Nakuuliza kiu yako!*

Mkwizu akasimama mbali. "Dada Nakiete, unauza?"

"Siuzi."

"Umetumwa?"

"Sikutumwa."

"Basi kuna nini ndani ya mtungi huo?"

"Maji."

Mkwizu akatikisa kichwa. "Kitu kisichouzwa na kisichotumwa kina jambo lake." Akapita, akameza mate ambayo hayakuwepo.

Nakiete akabaki ametazama kata. Akafikiri. Alipotokea mpita njia wa pili, mama mmoja wa Kwasumba, Nakiete hakusema neno. Alichota, akanywa yeye kwanza, akaifuta kata ukingo, akampa. Yule mama akanywa. Akanywa tena. Akaketi kivulini akaeleza habari za kwao, nani ameoa, nani ameachwa, mbuzi wa nani amekula mkeka wa nani. Alipoondoka, Nakiete akagundua kwamba naye amezungumza.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake. Alfajiri anateka, anashuka, anatua chini ya mgunga. Mtu akija, yeye anakunywa kwanza, kisha anampa. Hakuuliza ukoo. Hakuuliza kijiji. Hata Mkwizu, aliposhuka mara nyingine na kuona wengine wanakunywa na hawafi, akanywa. Hakusema ahsante, lakini alikunywa kata mbili.

Jioni moja Mama Mkwizu alipita kwa Nakiete akakuta moto unawaka na sufuria imekombwa.

"Mwanangu, unakula?"

"Mama, anayebeba mtungi kwenda na kurudi hawezi kuikatalia sahani ya ugali."

"Na usingizi?"

"Ukija, hausubiri nivue kanga."

"Sasa niambie kweli. Unawapa watu maji, wao wanakupa nini?"

Nakiete akafikiri. "Wananipa habari. Wananipa jina langu. Nilikuwa nakaa siku nzima bila mtu kulitaja. Na Senkondo, mama, zamani nilikuwa nikimkumbuka namwona pale alipoanguka tu. Sasa namkumbuka hata alivyokuwa anacheka."

Mama Mkwizu akasogeza kuni mekoni, moto ukawaka zaidi.

Sasa, jamani, kila njia ina mwenyewe, na njia ile ilikuwa na Fisi. Fisi hakuwinda. Kwa nini awinde? Alikaa vichakani akingoja anayeanguka. Jua lilikuwa mpishi wake, kiu ilikuwa mwandazi wake. Tangu Nakiete alipotua mtungi, hakuna aliyeanguka. Fisi akakonda. Mbavu zikahesabika.

Akaenda kwenye mgunga. "Nakiete, maji haya ni ya nani?"

"Ni ya mwenye kiu."

"Na wewe unapata nini?"

"Napata ya kwangu."

"Yapi?"

"Hayaliwi, Fisi. Hutayapenda."

Fisi akaondoka ananuna. Akasema moyoni, "Mtungi siwezi kuuvunja, mwanamke huyu analenga jiwe vizuri. Nitavunja kitu kingine."

Akapanda mlimani. Alipowakuta watu shambani wakipalilia, akapita pembeni kwa adabu. "Mimi si msengenyaji wa watu, lakini hivi yule mjane anapata wapi nguvu ya kuteka maji kila siku?" Akaenda zake.

Akapita chemchemini. "Mimi si msengenyaji wa watu, lakini nasikia mtungi ule ulikuwa nyumbani siku ya msiba." Akaenda zake.

Akapita walipokaa wanaume na pombe yao. "Mimi si msengenyaji wa watu, lakini maji aliyooshewa Senkondo yalimwagwa wapi? Kuna aliyeyaona yakimwagwa?" Akaenda zake, mkia katikati ya miguu, kicheko katikati ya meno.

Mnajua neno baya lilivyo. Halihitaji ngata, kila mtu analibeba. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema mtungi wa Nakiete una maji ya maiti, na kwamba anakunywa kwanza yeye ili mauti yamzoee. Mkwizu alikuwa wa kwanza kutema mate. Akamwambia mkewe, Navoneiwa, ambaye alikuwa mjamzito na alikuwa anajiandaa kwenda Kwasumba kumuuguza mama yake, "Ukipita pale kwenye mgunga, usitazame kushoto wala kulia. Usinywe."

Navoneiwa akaenda, hakunywa. Alikwenda asubuhi ya mawingu, akafika salama. Alisema atakaa kwa mama yake mpaka mwezi uandame.

Nakiete aliendelea kushuka na mtungi. Watu walipita upande wa pili wa njia. Aliimba, hawakuitika. Alikunywa kwanza, wakageuza nyuso. Jioni alirudi na mtungi umejaa kama alivyoshuka nao. Mnajua mtungi uliojaa ni mzito kuliko siku zote unapoupandisha mlima kwa sababu hakuna aliyeutaka? Digidigi akamuuliza, "Kesho utakuja, mama?" Nakiete akasema, "Sijui." Lakini kesho yake alikuja.

Na siku hiyo hiyo Navoneiwa alikuwa anarudi. Mama yake alikuwa amepona mapema, naye aliona tumbo lake limeshuka, akataka azalie nyumbani. Jua la siku hiyo lilikuwa kama kaa la moto. Kibuyu chake kikaisha. Alipokaribia mgunga, aliuona mtungi, akamwona Nakiete, akamsikia akiimba. Akakumbuka maneno ya mumewe. Akafunika uso kwa kanga, akapita.

Nakiete hakumtambua kwa ile kanga. Lakini aliona miguu inavyoburuzika, akasema, "Huyu hafiki."

Akachukua mtungi akamfuata. Alimkuta ameanguka mbele kidogo, na Fisi ameketi karibu yake, ametulia kama mgeni anayengoja chakula.

"Mwache," Fisi akasema. "Huyu aliyakataa maji yako kwa kichwa chake."

"Aliyakataa akiwa na akili. Sasa hana," Nakiete akasema. Akafungua ile kanga, akauona uso, akauona ule mzigo wa tumbo. Akachota kata, akanywa funda moja, akamtia Navoneiwa matone mdomoni. Mengine akamwagia kichwani. Akatandaza kanga juu ya miiba ikawa kivuli.

Hakupoteza muda kutaja jina, akamwita Digidigi. "Wewe una miguu. Panda Ikunde, waambie waje na maji, waje na machela."

Digidigi akaruka. Akapanda. Akafika uwanjani pumzi zikiwa hazimtoshi.

"Mtu ameanguka njiani! Njooni na maji na machela!"

Watu wakatoka. "Ni nani?"

"Simjui jina."

"Ni wa ukoo gani?"

"Simjui ukoo."

"Ni wetu au ni wa Kwasumba?"

"Simjui kwao. Ninajua ana kiu."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwenye mtu wake ataenda." Mwingine akasema, "Huenda ni mtego wa yule mjane." Na Mkwizu, ameegemea jembe, akasema, "Jua kali hivi? Tungoje lipungue."

Mnawaona? Kila mtu anamtazama mwenzake, na mwenzake anatazama chini.

Mama Mkwizu akainuka kwenye kigoda. Akajishika kiuno. Akasokota ngata.

"Mama, unakwenda wapi?" Mkwizu akauliza.

"Nakwenda kwa mwenye kiu."

"Na hayo magoti?"

"Magoti yanauma, mwanangu. Yangekataa, yangeshasema. Nitwike mtungi."

Akatwikwa, akaanza kuteremka, hatua moja moja, huku akiguna. Watu wakauona mgongo wake unavyoyumba kwenye ule mteremko. Mwanamke mmoja akatupa jembe akamfuata. Wa pili akamfuata. Mkwizu akaona mama yake anabeba maji naye amesimama na mabega yake mapana, aibu ikampanda kutoka miguuni hadi masikioni. Akakata miti miwili, akafunga machela kwa kamba za migomba, akawakimbilia. Nyuma yake kijiji.

Turudi nyikani. Fisi amesogea.

"Nakiete, mtungi umebaki nini?"

"Umebaki maji."

Jua likasogea kidogo. Fisi akasogea kidogo.

"Nakiete, mtungi umebaki nini?"

"Umebaki unyevu." Akachovya pembe ya kanga, akamkamulia Navoneiwa mdomoni.

Jua likasogea tena. Fisi akasogea tena, mpaka Nakiete akainusa pumzi yake.

"Nakiete, mtungi umebaki nini?"

"Umebaki mtungi," Nakiete akasema, akausimamisha begani, "na mtungi una uzito wa kutosha pua moja."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliogopa, jamani, asiwadanganye mtu kwamba hakuogopa. Ila hakusogea.

Hapo ndipo alipousikia. Kwanza alidhani ni upepo. Halafu akadhani ni masikio yake. Ulikuwa wimbo, unashuka kutoka mlimani kwa sauti nyingi, mbele yake ikiwa sauti moja ya mama mtu mzima, imekatikakatika kwa kuguna. Imbeni!

*Njoo unywe, mpita njia,*
*Sikuulizi utokako,*
*Sikuulizi uendako,*
— *Nakuuliza kiu yako!*

Fisi akasikia. Akatazama vumbi. Akaona watu, akaona mitungi, akaona mapanga yaliyokatia machela. Akageuza mkia. Alikimbia mpaka ng'ambo ya nyika, na mpaka leo akipiga kelele usiku, analia njaa ya siku ile.

Mama Mkwizu akafika wa kwanza. Akachota maji akamnywesha Nakiete. Akageuka kumnywesha aliyelala, akainua kanga.

Akapiga ukelele.

Mkwizu akasukuma watu akapita. Akamwona mkewe. Jembe lake alikuwa amelisahau uwanjani, maneno yake nayo alikuwa anayakumbuka moja moja. *Tungoje lipungue.* Akapiga magoti mchangani kando yake.

Navoneiwa akafumbua macho. "Sikunywa," akasema. "Uliniambia nisinywe."

Mkwizu akachukua ile kata, akachota, akanywa yeye kwanza, akampa mkewe.

Wakamlaza kwenye machela, wakapanda mlima kwa kupokezana. Mtoto alizaliwa wiki ile, wa kike, analia kwa sauti ya bibi yake. Uwanjani watu wakamtaka radhi Nakiete, wengine kwa maneno, wengine kwa kuja kumpalilia shamba lake bila kuitwa. Hakuwasuta. Alisema tu, "Nilichoka kupandisha mtungi uliojaa. Msinirudishe huko."

Alfajiri moja akasikia kishindo mlangoni. Akafungua. Mkwizu amesimama, mtungi kichwani. Mwanamume yule hakuwahi kubeba maji kichwani tangu azaliwe, na ngata ameivaa kama kofia. Maji yamemlowesha kutoka nywele hadi visigino.

"Dada Nakiete," akasema, "leo pumzika. Nashuka mimi."

"Kwa mwendo huo utafika na mtungi mtupu."

"Basi nitarudi kuteka tena."

Nakiete akamtazama, akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Jirani mmoja akatoa kichwa dirishani aulize kuna nini, kwa sababu kicheko kile hakikuwa kimesikika Ikunde tangu msiba.

Baada ya hapo mtungi haukuwa wa mtu mmoja. Leo anashuka huyu, kesho yule, na watu wa Kwasumba nao wakaona aibu kunywa tu, wakaleta mtungi wao wakautua upande wa pili wa mgunga. Wakikutana pale wabebaji wa huku na wa kule, walikaa kivulini wakala ndizi kwa chumvi. Ugomvi mwingi wa mipaka ulimalizwa mahali pale, kwa sababu ni vigumu kumtukana mtu ambaye ametoka kunywa mbele yako ili usiogope.

Hadithi yangu naitua hapo, kama mbebaji anavyotua mzigo. Aliyeshiba na ashukuru, aliyesinzia aulize jirani.

Nayo inafundisha hivi: ukingoja kwanza ulijue jina la mwenye kiu, utalijua kwenye kaburi lake. Na anayejitolea kwa watu hupata chake, ila hukipata njiani, hakipewi mkononi.

Mimi mwenyewe nilipita pale nikiwa na kiu kubwa. Nikanywa kata moja, nikanywa ya pili, nikanywa ya tatu. Nilipotaka kuaga, wakanitwika mtungi wakasema, "Mzee wa maneno, kesho zamu yako." Nimeubeba mlima mzima. Ndiyo maana mnaniona shingo yangu imekuwa fupi hivi.

Haya, nani anakwenda kututekea maji ya chai?

Msitazamane!